Nilimwambia Habibu Asilibe Ovyo

Jumanne, 10 Septemba
Lipu ya ndani, nyumba ya Bi Salha, hapa Dunda. Chumba kimoja tu leo. Bega halinyanyuki. Saidia fundi wangu katorokea bodaboda Chalinze, mchanga nimechekecha mwenyewe. Bi Salha kapita: "Fundi, hii nyumba utaimaliza mimi nishazikwa."

Jioni nikamwita mwanangu Habibu uani. Kesho anaanza mtihani wa darasa la saba. Nikamwambia asilibe ovyo. Kusiliba ndiyo neno la walimu, kukoleza kiduara cha jibu kwa penseli. Kwetu mafundi kusiliba ni kupaka udongo ukutani. Nikamwambia ukifeli utafanya kazi na mimi. Huko sekondari vijana wa kiume wanaingia Januari, Juni wako kijiweni. Binamu yako ana kidato cha nne, leo anabeba abiria.

Hakubisha. "Naam, baba." Mama yake hajui.

Alhamisi, 12 Septemba
Mtihani umekwisha. Kaniambia kila karatasi kasiliba B, kuanzia juu mpaka chini. Hata maswali aliyoyajua.

"Ulisema ovyo, baba. Mimi nikaona B."

Nilitegemea atanihadaa. Atapatia nusu, aniambie kafuata nilivyosema. Watoto wa wenzangu wanawadanganya baba zao kila siku. Wangu kanitii.

Jumapili, 22 Septemba
Mwalimu Tatu, mwalimu wa darasa lao, kaja nyumbani. Wavulana anaowategemea kufaulu ni wawili tu, wengine utoro umewamaliza. Wa kwanza ni Habibu. "Baba Habibu, wewe ni mfano. Wenzako wanawatoa watoto wa kiume wakavue, wewe umemwacha amalize."

Nikasema ahsante. Mke wangu kakaanga vitumbua. Habibu mkekani, ananitazama. Mnafiki mimi. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo imenishinda.

Jumapili, 13 Oktoba
Kazi inakwenda. Habibu anachekecha, anachanganya, ananipandishia ndoo. Ana mkono mzuri. Kwa Bi Salha imebaki baraza tu. Nilichokitaka nimekipata na sina raha nacho.

Leo mama yake kampeleka kwa fundi cherehani, kupimwa suruali ya sekondari. Nilikuwepo. Mtoto kanyoosha mikono, kageuka alivyoambiwa. Ningesema pale pale. Nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Kila nikichelewa kusema, kusema kunazidi ugumu. Na kunyamaza nako sikuwezi.

Jumatano, 30 Oktoba
Matokeo yametoka jana. Habibu kafeli. Zuwena, binti wa jirani yetu muuza samaki, kawa wa kwanza shuleni.

Mke wangu hakulia. Kajifunga kanga, kaenda mpaka mlangoni kwa Mama Zuwena. Kapaza sauti: "Karatasi zimebadilishwa na za Zuwena, mwanangu kaibiwa." Mtaa mzima nje. Mama Zuwena anageuza samaki, hata kunyanyua kichwa hakunyanyua: "Mama Habibu, mimi hata kusoma sijui. Hizo karatasi nilizibadilisha na nini, na changu wa kukaanga?"

Watu wakacheka. Zuwena kajifungia ndani. Mimi nimesimama na mwiko mkononi, saruji inakauka.

Jumamosi, 2 Novemba
Kikao cha wazazi shuleni. Akina baba wanne, waliobaki wote akina mama. Mke wangu kasimama, kataka karatasi zisahihishwe upya. Mwalimu Tatu kamuunga mkono, kasema ataandika mwenyewe kwenda wilayani. Wote wakamgeukia Zuwena, aliyekaa kando ya mama yake. Mtoto wa watu kainamisha kichwa, kavuta ushungi mpaka machoni.

Nikasimama. Nikasema hakuna aliyebadilisha kitu. Ni mimi. Nikalitaja neno lenyewe, siliba ovyo. Baba mmoja wa nyuma kajaribu mzaha: "Kwani fundi kakosea ukuta tu." Hakucheka mtu.

Mwalimu Tatu kafunga kalamu yake. Mke wangu kasema moja tu: "Ukakaa ukala vitumbua vyangu."

Kapita kwa Mama Zuwena kuomba radhi, kisha kapanda gari kwenda kwao Miono. Kwangu hakupita. Nguo kamtuma Habibu achukue.

Jumapili, 10 Novemba
Wiki nzima sijaandika. Kupika napika mwenyewe, wali unaungua. Habibu anakula, anasema ahsante baba. Msikitini wananipa mkono kama kawaida. Wawili wameniambia nisijilaumu, hata wao wangefanya hivyo. Hao ndio walioniumiza zaidi.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimekwenda kwa Mwalimu Tatu. Nilidhani atanifukuza. Kasema kurudia darasa haruhusiwi, lakini iko njia ya kituo cha elimu ya watu wazima, madarasa ya jioni. Polepole atafika kidato cha nne. Wanaosoma pale ni akina mama na mabinti waliozaa. Mwanamume hakuna hata mmoja.

Nikamuuliza Habibu anataka nini.

"Unavyosema wewe, baba."

Nikamwambia safari hii sema wewe. Kanitazama kama nimemtegea kitu. "Sema tu, baba. Mimi nitafanya."

Nilitaka abishe. Anikatalie. Anirushie ndoo. Mwisho nikasema nenda.

Kaoga, kasugua saruji kwenye kucha, kaondoka.

Baadaye mke wangu kapiga simu kutoka Miono. Tangu aondoke ndiyo mara ya kwanza. Salamu fupi. Kauliza kama mtoto kaenda kwa kupenda mwenyewe. Nikasema kaoga, kaondoka. Kakata simu.

Nimebandika maji ya chai. Habibu akirudi kutoka darasani sitamuuliza kitu.