Vikato Vinne Pembeni mwa Mkanda

Adelphi, 9 Mei 2004

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba masikio hayakusumbui zaidi ya ulivyozoea. Mimi sijambo. Nimeamua kuandika kwa sababu Jumapili nilipopiga simu uliniuliza "Nani?" mara nne, kisha ukaikata.

Nimepata kazi ya sinema. Usitangaze kanisani kwanza, maana siendeshi mashine ya kuonyesha filamu kama wewe enzi zako, naendesha gari. Kila Alhamisi asubuhi nachukua madebe ya filamu kwenye ghala huko Lanham na kuyasambaza kwenye sinema tisa, mpaka mji wa Columbia. Filamu moja ni mikanda sita, inajaza madebe mawili, na debe moja lina uzito wa mtoto wa darasa la pili. Funguo za milango ya nyuma ninazo mwenyewe. Naingia, naweka, natia saini, natoka. Wenye sinema wanakuja mchana. Huu ni mwezi wa pili sijaonana na hata mmoja wao. Siku nyingine nakaa kiti cha mbele, nyuma yangu viti mia tatu vitupu, nakula mkate wangu nikiangalia pazia.

Miaka sita hapa ughaibuni, baba, na bado najiamkia mwenyewe asubuhi. Nimekukumbuka sana.

Mwanao,
Elisante

*

Moshi, 2 Juni 2004

Mwanangu Elisante,

Pokea salamu za baba yako. Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzee. Edna, binti wa shangazi yako, amehamia hapa kunipikia, naye anakusalimu. Masikio yaliliwa na mashine miaka thelathini, na sasa macho yanayafuata. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Naona kama mtu anayechungulia kwenye kile kitundu cha chumba cha mashine.

Kazi yako usiidharau. Sisi mji mzima tulikuwa na nakala moja ya filamu kwa sinema mbili. Wenzetu wakimaliza mkanda wa kwanza, mtu anapanda baiskeli kuniletea, nami naanza wakati wao wako mbele. Siku moja baiskeli ilipata pancha, mkanda wa nne haukufika, watu wakaanza miluzi. Nikatoka mbele ya pazia nikawaambia: "Mkanda uko njiani, umepata pancha, sijui utafika saa ngapi." Wakatulia. Mtu anasubiri vizuri akiambiwa ukweli.

Tena usiamini lebo ya debe, huandikwa na mtu mwenye haraka zake. Mimi nilikata vikato pembeni mwa kichwa cha kila mkanda, pale mwanzo pasipo na picha, kimoja kwa wa kwanza, vitano kwa wa tano, nikavisoma gizani kwa kidole gumba. Hata wewe ulivisoma hivyo kabla hujaanza shule.

Njoo mwanangu, ningali nakuona.

Ni mimi baba yako,
Solomon

*

Adelphi, 11 Julai 2004

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri, pole sana na macho. Barua yako ilinifikia wiki moja baada ya kuhitajika.

Njia ya kwenda Columbia kuna sinema ndogo ya zamani, bado inatumia mashine mbili kama zako, mkanda huu ukiisha huu unaanza. Niliwapelekea madebe mawili kwa kufuata lebo. Kumbe debe la pili lilikuwa na lebo ya wiki iliyopita ambayo hakuna aliyeibandua, na ndani mna filamu nyingine. Basi watu wakaangalia harusi mikanda mitatu, mkanda wa nne vikaingia vifaru na wanajeshi. Nasikia walivumilia dakika kumi wakidhani bibi harusi anaota.

Mzee wa mashine pale alicheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. Mwaura, Mkenya anayetupangia safari, ndiye aliyeniletea ujumbe: "Buda, boss amesema uki-mess tena, unaenda home," yaani nikikosea tena nafukuzwa kazi. Nilipofika garini nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Laiti kwenda nyumbani kungekuwa rahisi hivyo. Karatasi zangu za kuishi hapa ziko kwa wakili, na nikitoka kabla hazijatoka sitaruhusiwa kurudi. Anasema mwaka huu hauishi bila kuzipata. Zikitoka tu, Krismasi tunakula pamoja.

Siku hizi nafungua kila debe na kusoma kichwa cha mkanda.

Mwanao,
Elisante

*

Moshi, 15 Agosti 2004

Mwanangu,

Salamu. Mwandiko ni wa Edna, maneno ni yangu. Nimeshindwa kuuona mstari.

Kuna jambo lazima ulijue. Edna ananisomea barua zako kwa kunipigia kelele sikioni, na mtaa wote unasikia. Mama Bilha anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara ameniuliza kama yule bibi harusi aliamka. Karatasi zako zimekwisha kujadiliwa hadi kwa fundi baiskeli, naye ametoa ushauri.

Basi cha kwangu peke yangu usikiandike. Tafuta kipande cha mkanda, unikatie vikato kama zamani. Kikato kimoja, mwezi mmoja. Nitahesabu mwenyewe mpaka utakapofika.

Baba yako,
Solomon

*

Adelphi, 30 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu. Mwambie Mama Bilha kwamba bibi harusi aliamka salama.

Yule mzee wa mashine amenipa kipande cha mkanda usio na picha. Hakuuliza ni cha nini. Kimo ndani ya bahasha. Anza kuhesabu Septemba.

Mwanao,
Elisante

*

Moshi, 20 Januari 2005

Mwanangu,

Salamu za mwaka mpya. Vikato vilikuwa vinne. Kila mwezi ulipoisha nilifunga uzi kwenye kimoja. Tarehe ishirini na nne Desemba kilibaki kimoja, nikamwambia Edna anipeleke stendi ya mabasi. Tulikaa tangu asubuhi. Wakati huo nilikuwa bado naona kivuli cha mtu, na kila kijana mrefu aliyeshuka nilisimama. Jioni Edna akanishika mkono tukarudi. Kuku wa Krismasi tulimla sisi wawili.

Sikukasirika. Najua barabara ina pancha. Lakini Desemba imepita na hujaandika neno, na mimi nimekaa gizani kama watu wangu wa sinema, tofauti ni kwamba hakuna aliyetoka mbele ya pazia. Kama huji, niambie huji. Nimemwambia Edna afunge madirisha ndipo niseme haya.

Kile kivuli nacho kimekwenda tangu mwaka mpya.

Baba yako,
Solomon

*

Adelphi, 3 Machi 2005

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Afya ninayo. Theluji imeanguka wiki mbili, na madebe yanashika baridi mpaka yanauma vidole. Kazi ninayo bado, sijakosea tena.

Wakili aliniita Jumatatu. Alichosema sitakiandika, mtaa usije ukanitolea ushauri mwingine. Jana nilikaa mezani na kipande cha mkanda na mkasi. Nilikaa muda mrefu. Mwishowe nikarudisha mkasi kwenye droo, nikatia kipande kwenye bahasha.

Edna dada yangu, mpe baba kilichomo kabla hujamsomea.

Mwanao,
Elisante

*

Moshi, 28 Machi 2005

Mwanangu Elisante,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, mvua za masika zimeanza.

Edna alinitilia kipande mkononi. Nikapitisha kidole gumba upande wa kulia, nikapitisha kushoto, nikakigeuza, nikarudia. Nilikuta vitundu vya kawaida tu, vile vya kushikia meno ya mashine, kikato hata kimoja hakuna. Nilimwambia Edna aniache kidogo. Nililia, sitakuficha, kisha nikaosha uso. Ahsante kwa kuniambia. Sasa naweza kulala. Kipande nimekiweka ndani ya Biblia pamoja na kile chenye nyuzi.

Usijilaumu, na usile mkate peke yako kila siku. Mkaribishe huyo Mwaura.

Majirani walisikia barua imekuja, wakaja wote, Mama Bilha mbele na sinia la maandazi, kuuliza Elisante anakuja lini. Miaka thelathini sikuwahi kuwadanganya watu waliokaa vitini. Safari hii nimewaambia uko njiani, umepata pancha, sijui utafika saa ngapi. Walitulia, wakala maandazi. Jumapili wataniuliza tena, nami nitawajibu hivyo hivyo.

Ni mimi baba yako,
Solomon