Fundo Lako Halikuwa na Kosa

Cherono mwanangu,

Setilaiti yenu ilifika juu salama, lakini ni bubu. Hukuiona ikirushwa, tulikuwa tumeshakuzika Kuresoi. Wenzako walipanda paa la maabara, wakaelekeza antena upande wa Menengai, wakangoja ipite. Ikapita bila neno. Walirudia hadi wakachoka kupanda ngazi.

Nakuandikia kwa sababu walisema kosa ni lako.

Wakumbuka ulivyozikunja antena za setilaiti ukazifunga kwa uzi wa kuvulia samaki, ukaupitisha juu ya waya ambao ungepata moto huko angani na kuukata, antena zikunjuke? Nilikuuliza kama fundo moja lingehimili mtikisiko wa roketi. Ulicheka. "Prof, nimeshona midomo ya magunia ya viazi tangu darasa la pili. Gunia langu halijawahi kumwaga." Hata ulipolazwa ulinishika mkono: "Usiguse fundo langu, Prof. Tafadhali."

Niligusa. Asubuhi ya kuifungia setilaiti sandukuni ipelekwe kurushwa, nikiwa peke yangu, nilizungusha uzi wa pili. Haukupita juu ya waya. Uzi wako ulikatika ulivyopanga; wangu umeshika mpaka leo. Nililijua hilo siku ya kwanza ya kile kimya.

Kwenye kikao waliposema, "Ni fundo la marehemu," nilitazama meza. Marehemu hajibu. Habari zikamfikia mama yako. Akaja Nakuru na gunia la viazi, akasimama mlangoni pangu: "Mwalimu, mtusamehe kwa makosa ya mtoto."

Nikamwambia tumesamehe.

Viazi nilikula, Cherono. Nilikula vyote.

Sasa mapafu yangu yamekwisha, na watu huja kuniaga kama mzee wa heshima. Heshima gani? Jana niliwaambia wenzako ukweli. Kamau, yule uliyemfundisha kulehemu, aliinuka. "Ulimwacha alale kaburini na hilo?" Akatoka bila kuaga. Sikumlaumu. Wengine walibaki wakinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kesho mpwa wangu ananipeleka Kuresoi. Najua mama yako atanivutia kiti akiona nilivyokonda. Sitakaa. Miguu hainibebi tena, lakini nitashika mlango nisimame hadi nimalize kumwambia nani alifunga nini. Baada ya hapo, akinifukuza, nitaondoka.

Pumzika, mwanangu. Fundo lako lilifunguka.

Mwalimu wako