Kaka Beno, Huku Ujumbe Haufiki

Mpendwa kaka Beno,

Simu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hadharani, labda huko ughaibuni utaona aibu.

Unakumbuka nyumbani Mlabani? Mama akisema wali umeiva, wewe unamuuliza, "Umethibitishaje?" Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki.

Tulipounda zile programu mbili za kugawa maji Katindiuka, moja ya mashamba ya mpunga, nyingine ya birika la ng'ombe wa mzee Masanja, uligoma kuziwasha mpaka kompyuta ithibitishe kimantiki, hatua kwa hatua, kwamba hazitafungua maji kwa pamoja. Ikathibitisha. Ukapanda ndege.

Juzi mtandao ulikatika. Kila programu ikaamini mwenzake amefunga. Zote zikafungua, maji yakagawanyika yakaishia njiani, na miche ya mpunga ya Mama Koleta ikakauka kitaluni. Wakulima wakadhani Masanja amewaibia maji, wakabeba fimbo kwenda kwake. Nikakimbia, nikasimama katikati yao.

"Shikamooni! Mzee hana kosa. Ni programu!"

"Programu ndiyo nani?" Mama Koleta akafoka. "Mlete hapa!"

Ningemleta nani, kaka?

Nikafungua uthibitisho wako. Kila hatua sahihi, hata nukta haijakosewa. Ila dhana ya kwanza kabisa: ujumbe ukitumwa, unafika. Unafika! Wewe uliyekuwa unapanda kichuguu Namawala kutafuta mtandao ili umsalimie mchumba! Nilitamani kuitupa kompyuta mferejini.

Nikaandika upya kwamba ujumbe unaweza kupotea. Kompyuta ikakataa kuthibitisha, ikanionyesha hatua zilezile zilizotuumiza. Basi nikabadili kanuni: programu isiyosikia jibu la mwenzake isifungue, iwaite watu. Hapo ikakubali.

Jana mtandao ulikatika tena. Milango ya mfereji ikabaki imefungwa, simu zetu zikaita. Mama Koleta na Masanja wakakutana mferejini, wakanuniana kwanza, kisha wakapangiana zamu kwa midomo yao. Masanja ameahidi kumlimia kitalu kipya kwa maksai wake.

Nimekukasirikia, kaka, na nimekukumbuka pia. Hakuna mwingine wa kubishana naye haya. Lakini usinijibu kwa dole gumba. Njoo. Mama Koleta anataka kumwona kwa macho yake mtu aliyethibitisha kwamba miche yake haitakufa.

Nakuombea uzima, na haya kidogo.

Mdogo wako wa kike, uliyemwachia mfereji