Memori Iliyokutwa Drooni mwa Fundi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichonakiliwa nyuma ya karatasi hii. Mtaani huitwa Mzee Herufi.
Umri: Miaka 77.
Kazi: Mstaafu. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni kwa miaka 36.
Hali ya ndoa: Mgane.
Makazi: Nyumba ya nne kutoka kona ya kiwanda cha sabuni, nyuma ya uwanja wa shule, mlango wa bluu.
Yameandikwa: Kituo cha polisi, chumba cha pili, Jumatatu tarehe 17, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana.

Afisa, natanguliza shukrani kwa kuniruhusu kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba radhi kwamba mwandiko wangu hutetemeka. Ni uzee tu, wala si dalili ya uongo.

Nimekuja kwa hiari yangu kueleza habari za mwanamke fundi wa kompyuta aliyekamatwa leo asubuhi kwa tuhuma ya kuiba kipande cha memori. Karatasi ya kituo inamwita mtuhumiwa. Naomba niruhusiwe kumwita fundi, kwa kuwa ndivyo nimjuavyo. Kipande kile hakukiiba. Mimi ndiye niliyemwomba akifiche.

Ninayo kompyuta ya mezani, ya miaka mingi, ambayo naitumia kupanga vijitabu vya harusi na vya mazishi kwa ajili ya majirani. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu ilikuwa nzito mno. Nikifungua ukurasa wenye picha tatu, naweza kwenda kunyoa ndevu na kurudi kabla haujatokea. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, aliniambia kwamba mashine inahitaji kuongezewa memori, yaani sehemu ambamo kompyuta huiweka kazi iliyo mkononi wakati huo. Mnamo Jumapili tarehe 9, saa kumi alasiri, aliniletea kipande kipya katika pakiti inayong'aa. Alinikabidhi kwa mikono miwili mbele ya wajukuu, akasema kwamba ameagiza kikubwa kuliko vyote vilivyokuwamo dukani. Nilifurahi sana. Mkwe wangu ni mtu mwema, nami ningependa jambo hilo lisomeke wazi kabla ya mengine.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa tatu na nusu asubuhi, nilifika kwenye chumba cha fundi, ambacho hukigawana na fundi saa, mmoja upande wa dirisha na mwingine upande wa mlango. Kijana wa mkokoteni alinibebea mashine. Fundi alinisalimu kwa heshima, akanipa kiti chake, yeye akabaki amesimama. Alivua pete, akaiweka ndani ya kifuniko cha chupa, akagusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini umtoke, ndipo akafungua. Nimefanya kazi na mafundi wengi wa mitambo maishani mwangu. Wengi hugusa kwanza na kusoma baadaye. Yeye alisoma. Alimulika tochi kwenye ubao mkubwa wa ndani, akanakili namba zake kwenye daftari, akazitafuta katika simu moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kuomba.

Kisha alichukua kipande cha mkwe wangu, akakiweka sambamba na vile viwili vidogo vilivyokuwamo tangu awali, akanionyesha meno yao ya dhahabu. Kila kipande kina pengo dogo katikati ya meno hayo. Pengo la kipande kipya halikuwa mahali pamoja na pengo la vile vya zamani. Alinieleza kwamba memori zina vizazi. Ubao wangu ni wa kizazi cha tatu, na hiki ni cha nne. Ukubwa wake hausaidii kitu, kwa sababu ubao hauijui lugha yake.

Afisa, nilielewa mara moja, na naomba nieleze sababu, ingawa naona unatazama saa. Katika kazi yetu kila herufi ya madini ya risasi ilikuwa na mfuo mdogo mguuni, ili kidole kijue upande wake bila jicho kutazama. Herufi ikigoma kukaa, mpanga herufi hapigi nyundo. Anauliza ni ya sanduku gani. Nilimwambia hivyo, naye akaacha kazi akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu hawanifanyii siku hizi, wala siwalaumu.

Alisema, "Mzee, nikikikandamiza, ubao utapasuka, na nitakuwa nimekuharibia mashine huku najua. Hiki ni kizima, ni kipya. Kirudishe dukani, wabadilishe."

Nilimjibu kwamba risiti iko kwa mkwe wangu, na kwamba siwezi kwenda kumwambia mkwe kuwa zawadi aliyonipa mbele ya watoto wake haifai. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akimweleza mkwe wetu mambo yote magumu. Mimi nilikuwa nikikaa pembeni na kutabasamu, na tuligawana kazi vizuri namna hiyo. Sasa ni mwaka wa tatu sijui pa kuanzia.

Fundi alicheka, lakini si kwa dharau. "Mimi mama mkwe wangu akizidisha chumvi namwambia chakula leo kimekubali. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini mwambie tu, mzee."

Fundi saa, bila kutoa jicho kwenye kioo chake cha kukuzia, alisema kwamba wazee wa misheni wangeungua moto kwa adabu kuliko kuomba maji. Nilistahili maneno hayo.

Fundi alikuwa na vipande viwili vya kizazi cha tatu, vilivyotoka kwenye mashine ya ofisi iliyofungwa. Nilivilipia, na risiti yake nimeiambatisha. Kabla ya kuvipachika aliviweka pamoja na vya zamani akalinganisha kasi iliyoandikwa kwenye kila kimoja, akinieleza kwamba cha haraka kikikaa na cha polepole, vyote vitatembea kwa mwendo wa kile cha polepole. Alivipachika viwili viwili, kila jozi katika nafasi za rangi yake. Mashine ilipowashwa ililia mara tatu, wala kioo hakikuonyesha kitu. Mimi nilikata tamaa. Yeye hakukata. Alizima, akavitoa, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi, akapuliza, akavirudisha mpaka vibanio vya pembeni vikajifunga vyenyewe. Safari hii mashine ilihesabu memori yote, gigabaiti nne za zamani na nane za nyongeza, kumi na mbili kamili. Nilidhani tumemaliza. Alikataa kunipa. Aliiacha ijipime kwa saa nzima na robo, akisema kwamba memori mbovu husema ukweli siku ya kwanza na kudanganya siku ya tatu.

Niliondoka saa saba na dakika kumi mchana. Siku hiyo hiyo nilipanga kijitabu cha kurasa kumi na mbili bila kunyanyuka kitini.

Sasa nafika mahali pa aibu yangu. Kabla sijaondoka nilimwomba fundi abaki na kipande cha mkwe wangu kwa siku chache, mpaka nipate ujasiri. Hakupenda. Alipokubali, alichukua bahasha akataka kuandika jina langu juu yake. Nikamsihi asiandike, kwa sababu mkwe wangu hupita mtaa ule na hupenda kuingia madukani. Akakitia drooni kikiwa ndani ya pakiti yake, bila neno juu yake. Nikamsihi tena asimweleze mtu.

Alisema, "Kutoka kwangu halitatoka. Lakini lazima litoke kwako."

Mnamo Jumamosi tarehe 15, saa tano asubuhi, mkwe wangu alinitembelea pamoja na binti yangu. Aliuliza kama kipande chake kinafanya kazi. Nilijibu kwa maneno haya hasa: "Kimo ndani, mkwe, na kazi inakwenda vizuri mno. Ahsante sana." Huo ulikuwa uongo. Alifurahi, akafungua kifuniko cha ubavuni ili amwonyeshe binti yangu. Kipande chake kilikuwa cheusi, chenye vazi la chuma. Ndani aliona vinne vya kijani, viwili vikiwa na lebo zilizochakaa. Alinitazama. Nilikwenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka. Sikuwa nimeinjika maji.

Niliporudi aliniuliza ni fundi gani aliyenihudumia, nami nikamtajia. Aliweka mkono begani mwangu, akasema, "Baba, usijisumbue. Watu hawa wanaona mvi wanaona chakula. Niachie mimi." Nilikuwa na nafasi ya kusema, nayo ilikuwa ndefu ya kutosha. Niliwasindikiza mpaka barabarani nikizungumzia mvua.

Leo, saa saba kasorobo mchana, fundi saa alikuja nyumbani kwangu, akiwa amefunga chumba chao. Hakunisalimu. Aliniambia, "Mzee Herufi, wewe unakunywa chai, mwenzio yuko ndani kwa ajili yako." Alinieleza kwamba askari wawili walifika saa tatu asubuhi pamoja na mkwe wangu, wakakikuta kipande drooni. Fundi alisema tu kwamba ni cha mzee, aulizwe mzee mwenyewe. Mkwe wangu akajibu kwamba mzee amekwisha kuulizwa, na amesema kwa kinywa chake kwamba kipande kimo ndani ya kompyuta. Hivyo uongo wangu ukamfanya fundi aonekane mwongo mbele ya wateja wake. Alichukuliwa bila kuongeza neno. Angeweza kusema kwamba mzee huyu anamwogopa mkwe wake, na sentensi hiyo moja ingemfungulia mlango. Hakuisema. Nimefundishwa uaminifu tangu nikiwa na miaka saba, kwa vitabu na kwa fimbo, na sijapata kuuona ukiwa umesimama wima namna hiyo.

Sina la kumdai fundi huyu. Yeye ananidai saa tano za leo, na jina lake mtaani.

Naomba maelezo haya yasomwe kwa sauti mbele ya mkwe wangu, ambaye nimepita karibu naye kwenye benchi la nje nikamsalimu kana kwamba hakuna lililotokea. Naomba radhi kwake, kwa binti yangu, kwa fundi, na kwako Afisa kwa kukuchosha. Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyanyamazia, na yote ni kweli.

Sahihi: (imetiwa)
Saa tisa na dakika tano alasiri

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ameandika mwenyewe. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya mlalamikaji kama alivyoomba. Shahidi alipewa kiti lakini alisimama mpaka mwisho wa kusomwa. Mlalamikaji alisema, "Baba, ungeniambia tu." Shahidi alijibu, "Ndiyo nakuambia." Mlalamikaji ameomba kuondoa malalamiko na ametia sahihi. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi kasorobo, akarudishiwa pete, simu na bisibisi tatu. Shahidi alimwomba radhi kwa kumwinamia. Mtuhumiwa alimzuia, akamwuliza kama mashine imelia tena tangu Jumanne. Akajibiwa haijalia.

Mlalamikaji alikabidhiwa kipande chake kikiwa katika pakiti. Kabla ya kutoka alimwuliza fundi iwapo kingefaa kwenye kompyuta yake ya ofisini. Fundi alijibu kwamba hawezi kusema mpaka aifungue aone.

Sajenti wa zamu