Posa ya Faraja Nimeikubali

Matombo,
6 Mei

Dada Prisca,

Shikamoo. Poleni na kazi hapo Gairo, na shemeji hajambo? Sisi wazima, ila barabara imeharibika tena kwa mvua. Nakuandikia kwa mkono maana simu siziamini tena, na sababu waijua.

Jumapili walikuja wenye posa ya binti yako. Mimi ndiye mjomba, nikawapokea, wakanywa chai. Msemaji wao alikuwa baba wa kijana, mstaafu mnene, mcheshi kweli. Alipofungua kinywa tu, chai ikanimwagikia mapajani. Dada, ni yeye! Siku sabini na moja nilizofungwa kitambaa usoni katika ile nyumba ya siri ya watu wa usalama, eti kwa kuuliza mkutanoni mashamba yetu anapimiwa nani, uso wake sikuuona hata mara moja. Lakini ile sauti ya puani, na kile kicheko kabla ya kunipiga! Sikio langu la kushoto aliliua yeye. Wala hakunitambua. Akaniita mkwe, mshenzi yule.

Kwenye kesi niliyowafungulia, wakili wa serikali aliapa hakuna nyumba hiyo wala mtu huyo, na kwamba nilijificha kwa mwanamke. Jaji akasema tusipoleta jina la aliyenipiga mwezi huu, kesi anaifuta. Basi jina kaliandika mwenyewe kwenye barua ya posa, yote matatu, na sahihi juu yake!

Nilimpelekea wakili wetu, Mama Hidaya. Akasema hati ya wito atapelekewa nyumbani kwake kimyakimya, na posa niikatae, Faraja asiingizwe. Nikamwitikia.

Nisamehe dada, nilimdanganya. Posa nimeikubali. Jumamosi wanaleta mahari, na nimewaambia waje ukoo mzima. Mpeleka hati wa mahakama nimemwelekeza hapa. Akishamkabidhi, nitasimama nieleze yote, mkewe asikie, wanawe wasikie. Nataka alie kama nilivyolia.

Faraja hajui. Nilipokubali alinikumbatia, akalia kwa furaha. Kijana mwenyewe hana kosa, mpole, nimempenda hata mimi.

Nakuomba usije. Nikikuona umekaa mkekani na mwanao nitamhurumia, na siku hiyo sitaki kumhurumia mtu.

Wape salamu zangu wote hapo nyumbani, wadogo kwa wakubwa.

Mdogo wako,
Raphael