Nathaniel Atakuja Bila Mtoto

Hagsätra, Stockholm
9 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Vénantie,

Salamu kutoka huku kwenye giza, maana saa tisa na nusu mchana tumeshawasha taa. Mguu wako unaendeleaje? Nasikia bado unachechemea, na bado unabeba magunia ya mihogo pale sokoni. Waachie vijana. Alliance hajambo na darasa lake? Mume wake je? Na mama mkwe, anakula vizuri? Mvua zimeanza Kigoma au bado?

Sisi tunapumua. Mimi ni mgongo tu, na huo umeshakuwa ndugu yangu. Binti yetu Natacha, mshono wa uzazi umepona, anatembea. Mtoto ananyonya sana na analia sana. Kipaji cha uso ni cha marehemu dada yako kabisa. Wakati mwingine nikimwangalia natoka nje kwanza.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza unalia, ukimaliza kulia salio limekwisha. Najua unangoja jibu moja tu: Nathaniel wa kanisani kwetu na mkewe wakija huko Krismasi, watakuja na mtoto au hawaji naye. Nitakujibu. Lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho, usiruke.

Unasema Natacha anadeka. Unasema Ulaya mwanamke akizaa serikali inamlipa akae nyumbani mwaka mzima, sasa shida iko wapi. Ni kweli, inalipa. Lakini haimlipi kila mtu sawa, na hilo hata mimi nilikuwa silijui mpaka limenifika mlangoni.

Iko hivi. Serikali inaangalia mshahara wako ulioandikwa. Inakupa sehemu kubwa ya huo, kama asilimia themanini. Halafu mwajiri mzuri anakuongezea juu, kwa miezi kadhaa, mpaka huoni tofauti sana. Mwajiri mbaya haongezi kitu. Na kama mshahara wako ulioandikwa ni mdogo, serikali nayo inakupa kidogo. Basi. Ndiyo siri yote.

Jumapili moja baada ya ibada, kule Tumba tunakokodi ukumbi, akina mama walikaa na chai wakaanza kulinganisha. Ungewasikia ungedhani wanashindania bei ya dagaa. Épiphanie anafanya kazi nyumba ya wazee ya manispaa, ana mkataba wa chama cha wafanyakazi. Aliongezewa karibu nusu mwaka. Mama mmoja Mganda anafua mashuka hotelini, yeye aliongezewa miezi miwili. Binti wa Mkenya mmoja yuko benki, anakaa nyumbani na mtoto na mshahara ni karibu ule ule, kama vile kitu hakijatokea. Wakamgeukia Natacha.

"Na wewe, kwa Jimmy mnapata ngapi?"

Natacha akasema, "Jimmy alisema ataniombea kwa Mungu."

Wakacheka. Hata yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Jimmy unamkumbuka. Yule mtoto wa kule kambi ya wakimbizi, baba yake alikuwa anashona viatu. Sasa ana kampuni ya usafi, ana magari matatu yenye jina lake ubavuni. Anachukua watu wetu tu. Anasema anatusaidia. Huhitaji kujua Kiswidi, huhitaji cheti, unampigia leo kesho uko kazini na ufagio. Karibu kila nyumba hapa ina mtu aliyepita kwake, na kila nyumba imeshamshukuru. Ukimwuliza mkataba anakushika bega. "Sisi tuandikiane? Sisi si tumekunywa maji ya mto mmoja?" Anaandika nusu ya masaa. Nusu nyingine anakupa mkononi, kwenye bahasha, na neno la Mungu juu yake. Watu wanaona ni upendo, kwa sababu ya mkononi haikatwi kodi. Mswidi hawezi kukubali hivyo. Mswidi angeuliza chama. Sisi mtu wetu akitushika bega, tunaona aibu kuuliza.

Natacha amesugua ofisi za watu kwa Jimmy miaka minne, asubuhi na jioni. Tumbo lilipokuwa kubwa alikuwa anapiga magoti kufuta chini ya meza. Leo serikali inaangalia, inaona msichana aliyefanya kazi nusu siku. Inamlipa sehemu ya nusu. Jimmy anaongeza sifuri. Jengo lile lile alilokuwa anasafisha Natacha kuna wanawake wenye mimba ghorofa ya tatu, wanalipwa karibu mshahara wote na bosi anawaletea keki. Wakirudi kutoka likizo ya uzazi, nani amefuta meza zao? Binti yangu.

Wewe uliniambia Alliance alipozaa, shule ilimlipa mshahara mzima mpaka aliporudi darasani. Mwalimu wa Kigoma. Sisi tuko Stockholm, watu wanaona tuko mbinguni. Nilisoma ujumbe wako ule nikiwa kwenye treni, nikaizima simu.

Bruce, baba wa mtoto, usiniulize. Alikwenda Norway kutafuta kazi na kazi haijampata, na sisi hajatutafuta. Natacha ndiye mzazi peke yake, hata kwenye makaratasi.

Mwezi uliopita wakafanya sherehe ya mtoto kanisani. Jimmy akaja na boksi la nepi. Siyo mlangoni, hapana. Alilipitisha katikati, mbele, watu wakapiga makofi, mtu akatoa simu akapiga picha. Halafu akanifuata.

"Baba Natacha, hata asante?"

Nikamwambia, "Ya nepi nakupa. Asante. Ya mshahara bado naisubiri."

"Mzee, mbele ya watu?"

"Wewe si umeleta nepi mbele ya watu?"

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka. Natacha alikasirika na mimi wiki nzima, anasema nimemwaibisha, anasema sasa Jimmy hatampa masaa akirudi. Épiphanie peke yake ndiye alinipita akasema chini chini, "Umechelewa miaka kumi, lakini umesema."

Sasa ndiyo ule mpango wenu. Najua mlipanga wewe na Natacha bila mimi. Mtoto aje kwako Desemba, Natacha arudi kwa Jimmy Januari, akae hivyo mpaka asimame, mwaka mmoja au miwili. Sikulaumu. Wewe ndiye uliyebaki kama bibi yake. Dada yako alimlea Alliance ulipokuwa mgonjwa, na unataka kurudisha. Natacha alishakubali. Nguo ndogo alishazikunja. Lakini usiku wa kukunja alikuwa anazikunjua anazikunja tena, na mimi niko upande wa pili wa ukuta, ukuta wa hapa ni kama kadibodi.

Épiphanie ndiye alileta neno lingine. Nyumba ya wazee anapofanya kazi wanatafuta watu kuanzia Mei, kwa sababu majira ya joto Waswidi wanaondoka likizo. Akifanya vizuri anabaki. Ni kazi ya mkataba, kila saa imeandikwa. Akizaa tena siku moja, ataongezewa kama wenzake. Natacha amekwenda, wameongea naye, wamemkubali. Kiswidi chake ni kizuri kuliko changu mara mia.

Mpaka Mei atakaa na hicho kidogo cha serikali, na mimi nalipa nyumba. Maharage tunayajua. Lakini kuanzia Mei mtoto ana miezi minane, na chekechea hapa wanapokea mtoto akifika mwaka. Katikati kuna shimo la miezi minne. Wewe ulitaka kulifukia kwa miaka miwili.

Nesi wa kliniki ya watoto ndiye alinieleza. Nilikuwa nimempeleka mtoto kupimwa, Natacha alikuwa na homa. Kuna sheria hapa, bado mpya. Mzazi anaweza kumpa mtu mwingine baadhi ya siku zake za kulipwa. Hata babu. Mzazi aliye peke yake anaruhusiwa kutoa nyingi zaidi. Na hesabu inafuata mshahara wa yule anayekaa na mtoto. Mimi mshahara wangu wote umeandikwa, kila saa, kwa sababu bosi wangu siyo ndugu yangu.

Nilimwuliza nesi mara tatu kama amenielewa mimi ni nani. Akasema, wewe ni babu, nimekuelewa.

Nikaenda kwa Thomas, msimamizi wetu kazini. Nikamwambia kuanzia Mei mpaka Agosti nakaa na mtoto. Alidhani Kiswidi changu kimevunjika. Nikarudia. Akasema majira ya joto ndiyo ananitegemea, wengine wote wako kwenye nyumba zao za mashambani. Ni kweli. Kila Julai nimekuwa navunja zege ili wao waende kuogelea. Nikamwambia, ndiyo maana naomba mara moja. Shida ni kwamba kwa baba sheria inamlazimisha akubali. Kwa babu haimlazimishi. Na ile nyongeza ya kampuni ni ya baba na mama tu, babu haongezewi hata senti. Unaona? Hata mimi nimeingia kwenye ile ile ya Natacha. Sifuri.

Alikaa wiki mbili bila kunijibu. Ijumaa akaja. Amekubali, lakini mashine anampa mwingine. Ile mashine ya kubomolea niliyoiendesha miaka sita, ninayoisikia hata ikikohoa. Nikirudi nitaanza na koleo na toroli, na huu mgongo. Akasema pole. Nikasema andika. Akaandika.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Mtoto haji. Nathaniel atakuletea barua hii na kahawa, basi.

Naona uso wako sasa. Uliniambia kwenye simu mwanaume hawezi kulea mtoto mchanga, nitamwua. Uliniambia baba hakai chumba kimoja na binti yake aliyetoka kujifungua, kwamba nimesahau kwetu. Sijasahau. Wiki za kwanza nilikuwa nasimama mlangoni, nimegeuza mgongo, nampokea mtoto kwa mikono ya nyuma kama mwizi. Akina mama wa kanisa walikuja kumkanda Natacha na maji ya moto siku nne, wakarudi kazini, kila mtu ana kazi. Baada ya hapo nani angeingia? Niliingia. Mtoto namuogesha kwenye beseni la vyombo. Bado sijamwua.

Wanaume wenzangu wananicheka. Israël, jirani wa ghorofa ya chini, kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza, "Baba Natacha, umejifungua salama? Tukuletee uji wa mzazi?" Nimemwambia alete, na sukari asisahau. Mpaka leo hajaleta.

Dada yako angekuwa hai, mimi ningekuwa juu ya mashine yangu na yeye angekuwa na mtoto mgongoni, na mimi na wewe tusingegombana. Tangu niwe mgane kila kitu ninachokosea kinaonekana. Lakini hiki sikikosei. Nimeona watoto waliopelekwa nyumbani kwa mwaka mmoja wakarudi na miaka tisa, wanamwita mama yao shangazi. Wamo humu humu Hagsätra. Mama anawaongelesha wao wanaangalia sakafu. Sitaki Natacha alipe hivyo kwa ajili ya bahasha za Jimmy.

Godoro ulilonunua mpe mtoto wa Alliance. Nauli uliyotaka kuchangia, tengeneza mguu.

Utanuna, nuna. Lakini nakuomba kitu kimoja, shemeji. Mama mkwe ameshawaambia majirani mtoto anakuja. Watauliza kwa nini hakuja, na watasema Natacha amekuwa Mzungu, amemnyima bibi damu yake. Usiwaache waseme hivyo. Waambie Natacha alikuwa ameshamkunjia mtoto wake nguo. Waambie babu ndiye amekataa, mgumu yule, hajasoma, haambiliki. Mimi matusi nimezoea. Yeye bado ananyonyesha.

Nisalimie Alliance na mume wake, nisalimie mama mkwe kwa mikono miwili na umsomee barua hii taratibu, asishtuke. Natacha anakusalimu, anaogopa kukupigia, mpigie wewe. Mungu awalinde, akupe mguu mzima na soko zuri, na mwenye kudhulumu jasho la mtu amkumbuke kwa jina.

Ni mimi shemeji yako, nakupenda hata ukikasirika,

Juvénal