Mlinzi, Mfalme na Msalaba wa Tata Dona

Tata Dona,

Usinicheke kwa kukuandikia. Ulizoea kusema mdomo wangu hauna swichi ya kuzimia, na tangu tukuzike, baba yangu wa kazi, sina mtu wa kusema naye karakanani. Basi nasema na karatasi.

Kwanza habari za huku. Umeme wa Kolwezi bado unakuja unapotaka. Ile televisheni ya mama wa mikate uliyoiacha tumbo wazi juu ya meza nimeimaliza. Ulikuwa waya mmoja tu umekatika, nawe ulimwahidi tangu mvua zilipoanza! Alilia kidogo, akakuombea, akaondoka nayo kichwani. Watoto wamerudi kucheza michezo ya televisheni. Siku za kwanza waliingia kimya kama wako misani, sasa wanagombania zamu kama kawaida. Kiti chako wanakiogopa. Mimi nimekikalia, unisamehe, mgongo unauma.

Na bado wanabishana, Tata, ubishi uleule.

Kasete ile ya mchezo uliinunua kwa mkubwa mmoja wa mgodi, wakati mishahara ilipokoma na watu wakaanza kuuza vitu vya nyumbani, kuanzia saa ya ukutani mpaka kitanda. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua hata herufi moja, kwa hiyo hadithi tuliisoma kwa macho tu. Mwanzoni kuna Mlinzi wa Daraja, mzee mwenye kofia pana. Anampa msafiri taa, kisha anapotelea kwenye ukungu. Mwisho kabisa anatokea Mfalme aliyejifunika uso, anafungua lango la mji. Wote wawili wanashika fimbo mkono wa kushoto, wote wanaburuta mguu, na hata mara moja huwaoni mahali pamoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, najifunza kulehemu kwako, kichwa kigumu, nikaapa kwamba ni mtu mmoja. Wengine wakaapa ni wawili. Tulikuja kwako utuamue, maana kasete ni yako. Wewe hukuinua hata macho kutoka kwenye redio.

“Mulinzi alikupa taa. Mufalme alikufungulia mulango. Unatafuta nini tena?”

Nilikununia siku nzima. Nilidhani hujui na unaficha. Mpwa wangu ananiambia mpaka leo kwenye intaneti watu wa nchi za mbali wanabishana juu ya hao wawili, na kila mmoja ana ushahidi wake. Nilicheka sana. Nilitaka kuja kukuambia, nikakumbuka.

Kisha ikaja ile miaka mibaya. Kazi imekufa mgodini, njaa imeingia majumbani, na watu wakaambiwa kwamba mwenye kosa ni jirani yao wa asili ya Kasai. Familia zilizozaliwa hapahapa zikaanza kulala stesheni na masufuria yao, zikingoja treni ya kuzipeleka mahali ambapo watoto wao hawakuwahi kupaona. Dada yako wa baba mmoja, Mama Ngalula, alikuwa stesheni tayari. Vijana wakaja karakanani mchana, nami nikiwepo, nimeshika chuma cha kulehemu. Walikujua vizuri, nusu yao walikuwa wanacheza kwako. Wakasema una bahati, mama yako ni Mlunda wa Sandoa, mwenyeji wa huku, na jina la mjomba unalo. Useme tu kwamba wewe ni Kapend, na lile jina la Kasai la baba, Tshibangu, uliache, nao watatia alama ya chaki mlangoni wakuache na amani. Nilikuombea moyoni useme. Ningekusemea kama ningeweza.

“Mi niko mutoto ya baba na ya mama,” uliwajibu. “Munataka nikate wapi?”

Wakakupa mpaka asubuhi. Jioni wajomba walileta gari kutoka Sandoa, wakakuchukua karibu kwa nguvu. Mama Ngalula alipanda treni akiangalia nyuma kama utatokea. Hukutokea. Ulipokuwa huko Sandoa watu walikuita Kapend, na yeye kule Kasai aliambiwa kwamba kaka yake amelikana jina la baba ili apate kubaki. Ulimtumia salamu mara nyingi, najua, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nakutafutia wasafiri wa kuzipeleka. Hazikujibiwa. Uliporudi Kolwezi nikakuandikia kibao kipya cha karakana, nikakuuliza niweke jina gani. Ukasema niandike REDIO, TIVI, MICHEZO, inatosha. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba jambo lile halijaisha ndani yako.

Sasa sikia yaliyotokea. Presha ilipokuchukua ghafla vile, tulikuzika na msalaba mtupu, bila jina. Mtupu, Tata, mtu kama wewe! Ni kwa sababu ya ugomvi. Mama Ngalula alifika kutoka Mwene-Ditu, amezeeka, anatembea kwa kushikwa mkono, na neno lake la kwanza kilioni lilikuwa kwamba kaka yake ni Tshibangu.

“Kapend simujue mi,” akasema, akakaa chini.

Tata Muteba, mtoto wa mjomba wako, akamjibu kwamba ni Sandoa iliyokuficha, basi ni Sandoa itakayokuandika. Wazee wakaingilia, wakashindwa. Mwisho wakasema jina litawekwa siku ya kumaliza kilio, na kwa kuwa mimi ndiye mwandika vibao, niandike nitakaloona ni la haki. Watu wanapenda kumtupia mwenzao moto hivyo.

Nilikaa na brashi, nikaona aibu kabla sijafanya lolote. Wale vijana walikutaka ujichague ukiwa hai, ukakataa. Leo mimi, uliyenifundisha kazi na kunilisha, nikuchagulie ukiwa huwezi kunijibu? Nilimchukia kila mtu, hata wewe kidogo, kwa kutoniachia neno. Kisha nikaubeba msalaba nje juani, nikaugeuza. Upande mmoja nikaandika TSHIBANGU, upande wa pili KAPEND, kwa herufi za ukubwa mmoja na rangi ileile. Pale ulipolala njia inapita pande zote mbili, kwa hiyo hakuna wa kusema upi ni wa mbele.

Siku yenyewe tulitoa kitambaa. Mama Ngalula alikuwa huku, Tata Muteba kule, kila mmoja akasoma lake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Wakaanza kulia, kila mtu upande wake, wanatazamana juu yako. Nadhani Mama Ngalula alishangaa kwamba yule mzee mshindani wake analia hivyo kwa jina asilolitaka. Akamwachia mkono mjukuu wake. Akazunguka peke yake, polepole, akasimama karibu na Tata Muteba, akasoma. Akaweka kiganja juu ya lile jina, rangi ikiwa haijakauka vizuri.

“Kumbe ni we,” akakuambia wewe. “Salamu zako zilinifikia zote.”

Alipotoa mkono ulikuwa mweusi. Sikumpa kitambaa cha kujifutia, wala hakuomba.

Mama Ngalula ameondoka jana, Tata Muteba akamsindikiza mpaka kwenye basi, wanapigiana kelele juu ya nani alikuwa anakupikia vizuri zaidi ulipokuwa mdogo. Herufi ya pili ya KAPEND ina alama ya vidole vyake. Kila kiangazi nitakuja na rangi nizifufue pande zote mbili, lakini hiyo herufi moja sitaigusa. Nakuahidi.

Lala, Tata Dona. Lala mzima.

Fundi wako